Kiti kipo chini ya kitanda, mama hataki kukisikia

Assalaam alaykum Shangazi,

Mie ni mwanamke wa miaka 36, mkaazi wa Wete, Pemba. Nina mtindio wa ubongo. Nilizaliwa wa miezi saba. Miguu yangu yote miwili imekaza, magoti yanabanana, na nikenda naburura ncha za vidole, viatu vyangu vyote huisha mbele. Mkono wa kulia nao si mwema: kushika unashika, kuachia ndiyo kazi. Ulimi mzito kidogo, lakini aliyenizoea ananifahamu. Akili zangu zimo, na hilo nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia jina la maradhi haya humgeukia mama wakamuuliza "anakunywa chai?" na mie nimekaa mbele yao. Nimesoma mpaka kidato cha nne, na huu ni mwaka wa 11 naingiza kumbukumbu kwenye kompyuta katika ofisi moja Chake Chake.

Kutembea nimefundishwa na mama. Tulikuwa tukikaa shamba kwa bibi, upande wa Micheweni. Nilipofika miaka mitatu sijasimama, mama akawa ananibeba mgongoni mpaka pwani maji yakishakupwa. Anachimba shimo mchangani kwa kifuu cha nazi, ananisimamisha humo, ananifukia mpaka mapajani. Yeye huinama kando yangu akichokoa kombe, kila mara anageuka kunitazama. Mwanzo nikilia. Baadaye nikazoea, nikawa nahesabu ngalawa. Misimu ikaja ikapita, mama na shimo lake. Nilipotembea peke yangu nilikuwa nina miaka sita, na majirani walikuja kumpa mkono kama aliyefiwa, ila kwa furaha.

Sasa Shangazi, tangu nivuke miaka 30 mwendo wangu unarudi nyuma. Kutoka nyumbani mpaka kituo cha daladala nilikuwa nachukua robo saa. Siku hizi ni nusu saa, na njiani nasimama mara tatu kushika ukuta wa watu. Jioni nyonga na magoti yananiuma hata kujigeuza kitandani nashindwa. Naanguka. Mwezi uliopita nimeanguka mara nne, moja mbele ya ofisi, kwa sababu kijana wa bodaboda alipiga honi nyuma yangu. Nikisikia honi mwili mzima unaruka kama niliyeshika waya wa umeme. Watu walicheka, wakasema muoga huyo. Siku nyengine mwanamme mmoja alinitazama ninavyoyumba akasema "astaghfirullah, na mtandio kichwani." Alidhani nimelewa.

Ofisi yetu iko juu, ngazi 22. Nikifika kwenye meza mkono wa kulia umeshakauka kama kuni, naandika kwa kidole kimoja cha kushoto mpaka saa tatu hivi ndipo unalegea. Mkubwa wangu mpya ananambia zamani ulikuwa mwepesi, sasa umeanza uvivu. Nyumbani siwezi kukaa kwenye mbuzi ya nazi kwa sababu mapaja hayaachani, kwa hiyo anayekuna ni mama, na mama anakaribia miaka 70. Kwenye shughuli nimewacha kwenda. Nikishakaa mkekani, kuinuka kunataka watu wawili na mashahidi kumi. Wanasema najisikia.

Kaka yangu yuko Muscat. Nilimsimulia haya, akanitumia kiti cha magurudumu kwa mtu aliyekuja likizo. Kimefika na boti mwezi wa nne huu. Kipo ndani ya boksi chini ya kitanda changu, halijafunguliwa. Mama ameweka polo la karafuu mbele yake. Nilipogusia tu kulifungua alinambia: "Mie sikukuchimbia shimo pwani ili uje ukae." Kisha akaenda jikoni, na siku ile hakula.

Khaloo naye anasema daktari alishatuambia zamani kwamba mtindio haukui, basi kama sasa nazidi kuharibika ni kwamba kuna kitu chengine, nikatazamiwe. Kwa mganga sitaki kwenda. Lakini na mie najiuliza usiku: kama haukui, mbona nazidi? Na je, nikikikalia kiti hichi, miguu itakufa kama mama anavyosema? Nifanye nini nisimvunje moyo?

Mchovu wa Wete

*

Waalaykumu salaam mwanangu,

Daktari aliyesema mtindio haukui alisema kweli, ila aliishia nusu ya njia. Na nusu iliyobaki ndiyo unayoishi nayo sasa.

Kilichotokea kwenye ubongo wako kilitokea zama zile, ulipozaliwa kabla ya wakati wako. Watoto wa miezi saba ndio hasa wanaopata aina hii inayokamata miguu miwili, maana sehemu ya ubongo inayopitisha amri za miguu huwa bado changa na huumia kwa wepesi. Lile jeraha limeshakuwa kovu. Halitambai, haliongezeki. Lakini mwili uliokuwa ukipokea amri za kombo kutoka kwenye kovu hilo umefanya kazi miaka 36 bila likizo. Tazama mlango uliopachikwa kombo: ukombo wake ni ule ule wa siku ya kwanza, bawaba ndizo zinazoliwa. Nyonga zako, magoti yako, mgongo na shingo ndizo bawaba. Watu wazima wengi wenye mtindio wanaanza kulalamika maumivu na kuchoka wakiwa katika miaka ya 20 na 30, umri ambao wenzao hata hawajui goti liko wapi. Si wewe peke yako na si jini. Khaloo mwambie nimemsalimu, lakini hapa hajapatia.

Sasa hilo la uvivu, maana limeniudhi.

Bibi zetu walipima kwa pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Tuseme kila mtu anaamka na pishi yake ya nguvu. Mwenzio wa ofisini akitoka kwake mpaka kwenye meza ametoa kibaba kimoja. Wewe, kwa misuli inayovutana wenyewe kwa wenyewe, kwa magoti yanayobanana na mguu unaoburuzwa, mwendo ule ule unakula mara mbili au tatu ya alichotumia yeye, na wengine wenye hali yako hula zaidi. Umefika saa mbili asubuhi umeshamwaga vibaba vitatu njiani na kwenye ngazi. Kimebaki kimoja, na hicho ndicho cha kazi, cha kurudi, cha kuoga, cha kuswali, cha kumsikiliza mama. Aliyekuita mvivu anahesabu ulichofanya mezani tu. Ngazi hazihesabu.

Mkono unaokauka ukipanda ngazi nao una maelezo yake. Kwa mtu kama wewe, ukiukaza mguu kwa nguvu, ile amri haiendi mguuni peke yake, inamwagikia na kwengine. Mkono unakunjika, taya linakaza, hata ulimi unazidi uzito. Ukishatua, unalegea polepole. Vile vile baridi ya kipupwe, khofu, hasira, na kutazamwa. Hili la kutazamwa watu wasio na hali hii hawalijui kabisa: mtu akikukodolea macho huku umeshika kikombe, kikombe ndipo kinapomwagika. Na ile ruka ya honi si uoga. Watoto wachanga wote wanayo, hushituka mikono ikatawanyika. Sisi wengine ubongo hutufundisha kuizima, wako haujaweza kuizima yote. Unaweza kuwa jasiri kuliko boda na abiria wake na bado ukaruka.

Kabla sijafika kwenye kiti, niombe kitu. Usinisomee mimi ukaishia hapa, nenda hospitali. Mazoea mabaya ya watu, na ya matabibu wengine pia, ni kuutwika mtindio kila kitu kinachompata mwenye mtindio. Nyonga yako huenda imeanza kuchomoka au kusagika, na hilo huonekana kwenye eksrei. Na nikutajie dalili ambazo hazingoji: ukianza ganzi au udhaifu mpya mikononi, ukishindwa kuzuia mkojo na hukuwa hivyo, miguu ikidhoofika ndani ya wiki chache na si miaka, au maumivu ya shingo yanayoteremka mkononi. Shingo ya mtu mwenye mtindio nayo huliwa, na uti wa mgongo ukibanwa pale ni jambo la haraka. Ukifika waeleze kwanza ulivyokuwa mwaka juzi na ulivyo leo, kwa sababu anayekuona mara ya kwanza atadhani ulizaliwa hivi hivi. Hilo la robo saa imekuwa nusu saa waambie kwa maneno hayo hayo. Ni kipimo kizuri kuliko "nachoka". Omba uonwe na mtu wa mazoezi ya viungo, iwe Chake Chake au Abdulla Mzee kule Mkoani.

Ikiwa watakupa vidonge vya kulegeza misuli, baklofeni na ndugu zake, sikiliza hili: havikatwi ghafla. Mwezi wa Ramadhani unapokaribia muulize daktari akupangie vipi vya daku na futari. Wapo wanaoviwacha siku ya kwanza ya funga kwa nia njema kabisa, na mwili uliozoea dawa ukinyimwa kwa ghafla unaweza kukaza kuliko mwanzo, hata kupiga kifafa.

Haya, kiti.

Kifungue. Lakini mama yako hajakosea kama unavyodhani, na ningependa umwambie hivyo kabla hujashika mkasi. Mtu mwenye misuli iliyokaza akikaa kutwa, magoti yamekunjwa na nyonga zimekunjwa, ile misuli ya nyuma ya paja na ya mbele ya nyonga hufupika. Ikishafupika sana, siku unayotaka kusimama haikubali. Kwa hiyo khofu yake ina mzizi. Dawa ya khofu hiyo ni kusimama na kujinyoosha kila siku, asubuhi na usiku, kama unavyopiga mswaki. Lala kifudifudi robo saa nyonga zinyooke. Simama umeegemea ukuta, visigino chini. Zunguka nyumbani kwa miguu yako, chooni kwa miguu yako, barazani kwa miguu yako. Kiti kiwe cha masafa: nyumbani mpaka kituoni, kituoni Chake mpaka mlango wa ofisi, hospitali, harusini, sokoni siku ya sikukuu. Duniani wapo chungu nzima wanaotembea ndani na kukaa kwenye kiti nje. Wanapoinuka kwenye kiti kuchukua kitu rafuni watu hushituka kama wameona muujiza. Wewe zoea kushitukiwa.

Vibaba vile vitatu unavyovimwaga njiani kila siku ya kazi, kiti kitakurudishia viwili. Utavitumia wapi ni shauri lako. Labda kwenye kompyuta, labda kukuna nazi. Labda kufika nyumbani jioni una nguvu ya kucheka na mama yako badala ya kujitupa kitandani uso ukutani. Hilo la kitandani hukuliandika, nimelibuni, nisamehe kama nimekosea.

Mimi mwenyewe nilikataa miwani miaka mitatu. Nikizisoma barua zenu kwa kuzisogeza mbali, mpaka mkono ukaisha. Niliona nikivaa nimeshakuwa kizee. Nilivaa siku niliyotia chumvi kwenye uji wa mgeni nikidhani sukari. Sikulinganishi nami, miwani haichungulii mtu dirishani kama kiti kinavyochunguliwa. Lakini ile aibu ya kabla ya kuvaa naijua ladha yake.

Ukifungua boksi utazame mambo kadhaa, maana kiti kisichokufaa ni adui. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti hivi mwaka 2008, na neno lake kubwa ni kwamba kiti kinapimwa kwa mtu na kwa mahali anapoishi, kama kanzu ya harusi. Kalio likae vizuri, ubavuni ibaki nafasi ndogo tu. Kikiwa kipana utainamia upande mmoja na mgongo utapinda. Miguu ikanyage sehemu yake, isining'inie, kwa sababu mguu uliokaza ukining'inia unaanza kutikisika. Mto uwepo, na kila baada ya nusu saa ujiinue kidogo au ujiegemeze upande ili damu ipite, kidonda cha kukalia si cha kuchezea. Breki zishike kweli.

Na hapa kuna mtihani ambao kaka yako wa Muscat hawezi kuuona akiwa kule. Viti vingi vya kununua dukani vina vigurudumu vidogo mbele. Kwenye sakafu ya vigae vinateleza kama samaki. Kwenye udongo wetu mwekundu baada ya mvua vinazama, na Pemba si Unguja, hapa ni kupanda na kushuka. Wete yenyewe imekaa mteremkoni. Vipo viti vya matairi matatu, gurudumu la mbele kubwa na limesogezwa mbele, hivyo ndivyo vya njia mbovu, lakini vingi ni vizito na havikunjiki. Chako nadhani ni cha kukunja, na faida yake ni kwamba utingo atakipandisha juu ya gari na kukuteremshia Chake. Kwa hiyo usikitupe hata kama kinazama, kijaribu kwanza siku kavu, njia ya kituoni, na mtu nyuma yako. Kwenye mteremko mkali anayekusukuma akuteremshe kinyumenyume, yeye chini, wewe umetazama juu. Ukiona njia haikubali, hapo ndipo muulize mtaalamu wa viungo, na pia Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, ambao upo tangu 1985. Wamo watu humo waliokwisha kuvunja magurudumu yote ya visiwa hivi na watakwambia lipi linadumu.

Aya hii nayo msomee mama kwa sauti, au mpe aisome.

Mama mtu, shikamoo kama umenizidi. Nimekaa na hadithi yako ya shimo siku nzima. Hakuna aliyekufundisha, ukachimba kwa kifuu. Leo wataalamu wana mbao za kumfungia mtoto asimame, wanasema kusimama kunasaidia mifupa na nyonga. Wewe ulikuwa na mchanga na maji kupwa. Miaka 30 ya mwendo ambao binti yako ameupata umetoka mle shimoni: skuli alikwenda kwa miguu ile, kazi aliipata kwa miguu ile. Hakuna kiti kinachoweza kufuta hilo. Lakini nikuulize, ulipokuwa ukimfukia, ulikuwa unamtazamia atembee tu, au kuna mahali ulikuwa unataka afike? Sasa anafika huko ameshamalizika. Na jambo jengine, kuzaliwa kwake wa miezi saba hakukutokana na ulichokula wala ulipopita. Nalisema kwa sababu mama wengi wa watoto hawa hubeba lawama hiyo moyoni wasimwambie mtu hata siku moja.

Tunarudi kwako, mwanangu. Mengine nayapita mbio.

Mkubwa wako umwandikie barua, usimweleze kwa mdomo huku ulimi umekaza. Mweleze kwamba kasi yako saa mbili haiwi sawa na ya saa nne na sababu yake ni ngazi, kisha omba meza ya chini. Usiombe huruma wala kupunguziwa kazi. Zanzibar ina sheria yake ya watu wenye ulemavu, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009, ambao unasema kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana kazini ni ubaguzi. Huna haja ya kumtishia kwa sheria. Iandike mstari mmoja chini kabisa ya barua, aikute mwenyewe. Nakala ibaki kwako. Akikaa kimya, ndugu wa UWZ na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu wanajua mlango unaofuata.

Mbuzi ya nazi: mwambie seremala aukate ulimi wa mbuzi hiyo akupigilie kwenye ukingo wa meza au kwenye ubao mpana unaokaa mezani. Unakuna umekaa kwenye kiti cha kawaida, miguu imebanana itakavyo, nazi umeshika kwa mkono wa kushoto na wa kulia unakandamiza tu, maana kukandamiza unaweza. Mama apumzishe mgongo wake. Chooni, kama ni cha kuchuchumaa, kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati, miguu yake isimamishwe imara na upau wa kushika ukutani. Nguo vaa mkono mbovu mwanzo, vua mkono mbovu mwisho. Chai usijaze kikombe, wala usinywe umesimama kwa sababu wenzio wamesimama. Buibui lipandishwe upindo vidole viwili, hizo ncha za vidole vyako ndizo zinazokanyaga. Na kabla ya kutuma pesa kwa simu kaa kwanza mkono utulie, ile namba ya siri inataka upesi na upesi ndio unaoukaza mkono.

Shughuli urudi. Nenda na kiti chako au omba kiti cha plastiki ukae nyuma ya mikeka. Wapo wazee wanakaa hivyo na hapana anayesema wanajisikia. Swala ni hivyo hivyo, unalijua: asiyeweza kusimama huswali kakaa, asiyeweza kukaa huswali kwa ubavu. Ikiwa kwenye tarawehe kuinuka kila rakaa kunakumaliza, kaa.

Yule mwanamme wa astaghfirullah sina la kukushauri. Nimemfikiria, nikaona bora nimwache alivyo.

Boksi usilifungue usiku peke yako mama akiwa amelala. Mwite. Mpe mkasi yeye. Pengine atakataa mara ya kwanza, na huenda ya pili, usimsukume. Lakini lile polo la karafuu liondoeni leo hii, chini ya kitanda pana unyevu, zikishika ukungu hamtapata bei. Na mkishafungua niandikie kama matairi ni ya pumzi au magumu, na kama kaka alikumbuka kutia pampu.

Wako,
Shangazi